Kofia Ndogo ya Sufi: Habari za Zawadi Zifumwazo kwa Mkono



Kurasa nyingi za taarifa ya mwaka ni za hesabu. Humo twasoma michango iliyoingia, karo za watoto zilizolipwa, gharama za mazishi na za kusafirisha maiti mpaka nyumbani, na akiba iliyosalia benki. Hesabu hizo ni za lazima, na mtunza hazina astahili shukrani. Lakini iko mali nyingine itolewayo na wanachama wetu, hasa akina mama, ambayo haiandikwi katika daftari lo lote. Nayo ni kofia ndogo, soksi ndogo, sweta na shali zifumwazo kwa mkono na kupelekwa kwa mama aliyejifungua. Kofia haina risiti, wala haiingii katika mizania. Kwa hiyo ni rahisi kuisahau.

Tumeona vema tuandike historia ya kazi hiyo, maana watu wengi huifikiria vibaya. Wengine husema ni mchezo wa akina mama wa kupitishia jioni. Wengine husema ni desturi ya Wazungu tuliyoiga bila kuuliza sababu. Kila neno kati ya hayo lina ukweli kidogo na kosa kubwa. Sindano na uzi wa sufi vililetwa kwetu na watu wengine, tena kwa makusudi yao wenyewe. Bali zawadi ya kumpelekea mzazi ilikuwa yetu tangu kale, na wanawake wa nchi hii ndio walioichukua kazi ile ya kigeni wakaitia katika desturi yao ya kusaidiana. Hayo ndiyo tutakayojaribu kuyaonyesha.

KABLA YA SUFI

Nchi yetu, ijapokuwa mstari wa Ikweta wapita katikati yake, si ya joto kila mahali. Limuru iko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko karibu meta 2,500. Katika mwezi wa Julai ukungu huweza kukaa juu ya mashamba mpaka adhuhuri, na mtoto aliyezaliwa jana hana nguvu za kushindana na baridi ya namna hiyo.

Wazee wa nyanda za juu walijua kumlinda mtoto kabla hawajaona hata uzi mmoja wa sufi. Miongoni mwa Wakikuyu mtoto mchanga alipakwa mafuta ya mbarika, akabebwa katika ngozi laini iitwayo ngoi, akapata joto kutoka katika mwili wa mama yake. Wanawake majirani walikwenda kumwona mzazi pamoja, nao hawakwenda mikono mitupu: mmoja alibeba kuni, mmoja uji, mmoja chakula cha kutosha siku kadhaa. Desturi hiyo ya kupeleka zawadi kwa pamoja yaitwa itega, na ingali hai. Huku Pwani mzazi hutunzwa na jamaa zake mpaka atimize arobaini, na kanga ni vazi lake, tena ni mbeleko ya mtoto, tena ni zawadi ambayo mtu aweza kupeleka bila aibu.

Hata kazi ya mikono haikuwa ngeni. Wanawake wa Ukambani na wa Ukikuyu walisokota nyuzi za magome na za vichaka, wakasuka vyondo hata walipokuwa njiani kwenda sokoni. Pwani na Unguja watu wameshona kofia za viua kwa sindano na uzi, tundu baada ya tundu, na kofia moja iliyo nzuri yaweza kuchukua miezi kabla haijamalizika. Basi mikono ya watu wetu haikungoja kufundishwa subira. Kilichokuwa kigeni ni sindano mbili ndefu na uzi wa sufi.

UFUNDI WA VITANZI

Tueleze kidogo kazi yenyewe kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuishika. Kufuma kwa sindano mbili si sawa na kufuma nguo katika kitanda cha mfumi. Katika kitanda cha mfumi nyuzi nyingi hupishana, hizi zikisimama na hizi zikilala. Katika kazi hii uzi ni mmoja, nao hupitishwa kitanzi ndani ya kitanzi, safu juu ya safu. Kitanzi kimoja kikiponyoka bila kuonekana, vilivyo chini yake huanza kufumuka, na fundi hana budi kurudi nyuma.

Vitanzi hunyumbuka, ndiyo sababu kofia iliyofumwa hupanuka ipite kichwani, kisha hurudi ikakishika kichwa bila kukibana. Tena vitanzi hukamata hewa katikati yake, na hewa iliyotulia huzuia joto lisitoke upesi. Sufi ya kondoo ina sifa nyingine ya zaidi: huweza kunywa unyevu upatao karibu theluthi ya uzito wake kabla mtu hajaihisi kuwa imelowa.

Wengi hudhani ufundi huu ulizaliwa Ulaya. Lakini vipande vya kale kabisa vya kazi ya namna hii vijulikanavyo hadi sasa vilipatikana Misri, katika bara letu. Ni soksi za pamba zenye mapambo ya buluu na nyeupe, zilizofumwa katika karne za kati, tangu karibu karne ya 11. Tena katika nchi hiyo hiyo, kabla ya hapo, watu walitengeneza soksi za sufi kwa njia nyingine ya vitanzi, wakitumia sindano moja tu. Mojawapo ni soksi ndogo ya mtoto, yenye milia ya rangi mbalimbali, iliyochimbuliwa katika mji wa kale wa Antinoe. Yakadiriwa kuwa ya karne ya 3 au ya 4, nayo yahifadhiwa katika British Museum, mjini London. Jina la mama aliyeitengeneza halijulikani, wala la mtoto aliyeivaa. Lakini mtu aliyeketi akaupima mguu mdogo namna ile aliishi Afrika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Huko Ulaya ufundi ulipoenea, wanaume ndio walioutawala kwa muda mrefu, wakiwa na vyama vya mafundi na kanuni za kumpima mwanafunzi kabla ya kumkubali. Mwaka wa 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, alitengeneza mashine ya kwanza ya kufuma soksi. Kadiri mashine zilivyoongezeka, ndivyo kazi ya mkono ilivyoachiwa wanawake wa nyumbani. Twalitaja jambo hilo kwa sababu wako waume miongoni mwetu wanaoona aibu kushika sindano, hali wale waliokuwa mabwana wa kazi hiyo zamani walikuwa waume wenzao.

JINSI SINDANO ZILIVYOFIKA KENYA

Sindano zilifika pamoja na misheni. Kijiji cha Freretown, karibu na Mombasa, kilianzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Na mwaka wa 1898 misheni ya Waskoti iliyokuwa Kibwezi ilihamia Ukikuyu. Katika misheni hizo na nyingine zilizofuata, wavulana walifundishwa useremala na uashi, na wasichana walifundishwa kushona, kufua na kufuma. Walimu waliona kwamba mwanamke Mkristo afaa kujulikana kwa nguo za watoto wake.

Walikuwa na mfano wao katika Maandiko. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, twasoma habari za Dorkasi wa Yafa, aliyewatengenezea wajane nguo. Naye alipofariki, wajane wale walisimama wakilia na kuzionyesha nguo hizo. Vikundi vingi vya makanisa vimechukua jina lake. Tena yafaa kukumbuka kwamba katika vita vya 1914 hadi 1918, na vile vya 1939 hadi 1945, wanawake wa Uingereza walihimizwa kuwafumia askari soksi na shali. Mabibi waliokuja kufundisha huku walikuja na tabia ile: kwao kufuma ilikuwa namna ya kuonyesha huruma, pia namna ya kuonyesha utii kwa nchi yao.

Serikali nayo ilifuata. Mwaka wa 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, kwa ajili ya walimu ambao wangezitembelea shule za vijijini. Walimu hao walikuja pamoja na wake zao, na wake walifundishwa ulezi wa watoto, usafi na kazi za nyumba, ili nao wakawafundishe wenzao. Mahali pale pale, mwaka wa 1961, pakawa chuo cha kuwafunza maofisa wa utawala.

VYAMA VYA WANAWAKE NA HALI YA HATARI

Sasa twafika mahali pagumu katika historia hii, wala si haki kupapita kwa haraka.

Mwaka wa 1952, kwa msaada wa idara ya Serikali ya ustawi wa jamii, iliundwa Maendeleo ya Wanawake. Viongozi wake wa kwanza walikuwa mabibi wa Kizungu. Klabu zake zilifundisha kupika, kushona, kufuma, kuosha watoto na kutunza nyumba. Mnamo mwaka wa 1954 klabu zilikuwa zimezidi 500, zenye wanachama zaidi ya 30,000. Katika historia ya nchi yetu ni nadra chama cha wanawake kukua kwa upesi namna ile.

Lakini miaka hiyo ndiyo ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952. Kuanzia mwaka wa 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Ukikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu, wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800. Akina baba wengi hawakuwapo: wengine walikuwa kizuizini, wengine msituni, wengine wamekwisha kuuawa. Wanawake walichimba mahandaki, wakajenga barabara kwa kazi ya lazima, na watoto walishikwa na njaa. Serikali ilitumaini kwamba klabu zingewavuta wanawake wawaache wapiganaji. Wanahistoria wameandika kwamba katika sehemu nyingine aliyejiunga na klabu aliondolewa katika kazi ya lazima, na kwamba klabu ziligawa maziwa kwa watoto wenye njaa. Hata wanawake waliozuiliwa Kamiti walifundishwa kazi za nyumbani kuwa sehemu ya kile kilichoitwa kuwarekebisha.

Basi sindano ile ile iliyofuma kofia ya mtoto ilitumiwa pia kuwapima wanawake, nani yuko upande wa Serikali na nani hayuko. Kuna wazee katika nchi hii ambao mama zao walikataa katakata kuingia katika klabu. Kuna wengine ambao mama zao waliingia, kwa sababu mtoto alikuwa analia na maziwa yalikuwa pale. Sisi tulioyapata mambo haya kwa kusoma na kusimuliwa hatuna kiti cha kuwahukumu. Lakini ni wajibu wetu kuyataja, maana wako watu ambao mpaka leo hawaipendi kazi hii kwa sababu ya kumbukumbu hiyo, nao wana haki yao.

Tena kuna jambo la pili, ambalo halikupiga kelele lakini liliumiza kwa muda mrefu zaidi. Mwaka huo huo wa 1954 ulianza mpango wa Swynnerton wa kuunganisha vipande vya mashamba na kuviandikisha. Hati za mashamba ziliandikwa, kwa kadiri kubwa, kwa majina ya wanaume. Yaani katika miaka ambayo mwanamke alisifiwa kwa kufuma sweta nzuri, shamba alilolilima lilikuwa likiandikwa jina la mtu mwingine. Hapana haja ya kuilaumu sufi kwa jambo hilo. Lakini asiyeona mambo hayo mawili pamoja hataelewa kwa nini baadaye watu wenye akili waliudharau ufumaji.

KUTOKA UZI HADI MABATI

Je, wanawake walifanya nini na kazi hiyo waliyopewa? Hapa ndipo historia yao wenyewe inapoanza.

Kwanza, uzi ulinunuliwa kwa fedha, na fedha zilikuwa adimu. Wanawake walichanga senti zao, wakanunua uzi kwa pamoja, wakagawana. Uzi ulipokosekana, sweta kuukuu ilifumuliwa, uzi ukaoshwa na kunyoshwa, ukafumwa upya. Sweta moja ya mtu mzima yaweza kutoa kofia na soksi za watoto kadhaa. Wengine waliuchukua uzi wa rangi na kuusuka katika vyondo, hata chombo cha zamani kikapata sura mpya. Na mtoto alipozaliwa, wale walioketi pamoja wakifuma walikwenda pamoja kumwona. Hapo itega ya zamani na kofia mpya zikakutana mlangoni, wala mzazi hakuona kwamba moja ni ya kigeni na nyingine ni ya kwao.

Pili, mkutano wa kufuma ulikuwa mkutano. Mwanamke aliyejifunza kuweka hesabu ya uzi alijifunza kuweka hesabu ya fedha. Aliyechaguliwa kuwa katibu wa klabu alijifunza kuandika kumbukumbu na kusema mbele ya watu. Mwaka wa 1958 marehemu Bibi Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Maendeleo ya Wanawake, na chombo kilichoundwa na wengine kikaingia mikononi mwa wenyewe. Baada ya Uhuru wa 1963, katika siku za Harambee, vikundi vya wanawake huko Nyeri na sehemu za jirani vilichanga fedha kwa zamu na kuezekeana nyumba, mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, mpaka vikajulikana kwa jina la vikundi vya mabati. Hatusemi kwamba sufi ndiyo iliyozaa mabati. Kusaidiana kwa zamu ni desturi ya kale kuliko vyote viwili. Twasema tu kwamba wanawake waliokwisha kuzoea kuchangia kitu kidogo cha mtu mmoja hawakuona ugumu kuchangia kikubwa.

Katika miaka ya 1970 walitokea wataalamu walioichambua Maendeleo ya Wanawake kwa ukali. Walisema viongozi wake walikuwa karibu mno na wakubwa, na kwamba wanawake wa mashambani walihitaji maji, mikopo na haki kuliko mafunzo ya nyumba. Lawama hiyo ilikuwa na uzito. Mwanamke hawezi kufuma shamba. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoandika waziwazi kwamba ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe, na hilo si jambo ambalo sindano ingeweza kulileta. Kila kazi ihukumiwe kwa ile iliyo yake. Kofia haikuwa badala ya haki. Ilikuwa zawadi kwa mtoto. Kosa lilikuwa la wale waliotaka mwanamke aridhike nayo.

MASHINE NA MITUMBA

Mambo yalibadilika tena. Sweta ikawa sehemu ya sare za shule nyingi, hasa katika nchi ya baridi, na mashine za kufumia zinazoendeshwa kwa mkono zikaonekana katika vibanda vya miji na masoko. Kazi hiyo imewapa watu wengi riziki, wanaume kwa wanawake, nasi twaiheshimu. Lakini sweta ya shule ni biashara: hupimwa kwa rangi na kwa bei, na fundi aweza asimjue kabisa atakayeivaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa masokoni. Siku hizi mama aweza kununua sokoni sweta ya mtoto iliyovaliwa ng'ambo, kwa bei iliyo chini ya bei ya uzi wa kuifumia. Uzi wenyewe mara nyingi si sufi tena. Ni akriliki, nao hufuliwa kwa urahisi, hauchomi ngozi, walakini hauna sifa zote za sufi ya kondoo.

Basi yatupasa tujiulize bila kuficha: kama mitumba ni rahisi, na mashine ni nyepesi, kwa nini mtu akeshe akifuma kofia kwa mkono? Akijibu kwamba ni kwa sababu ya bei, ameshindwa. Jibu haliwezi kuwa la bei.

WASEMAVYO WAGANGA

Tuanze na mwili wa mtoto, maana hapo watu husema mengi bila hakika. Joto linalofaa kwa mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili: ngozi ya kichwa ni karibu sehemu moja katika tano ya ngozi yake yote, hali kwa mtu mzima ni chini ya sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo kichwa kikiachwa wazi katika chumba cha baridi, joto jingi hupotea, na hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 37 au mwenye uzito chini ya kilo 2.5.

Mwaka wa 1978, mjini Bogotá, katika nchi ya Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto wa namna hiyo kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu vyombo vya kuwatia joto havikutosha. Mwaka wa 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000. Ulionyesha kwamba kumweka mtoto mdogo kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mpaka hali yake itulie, kulipunguza vifo kwa karibu robo. Wazee wetu waliombeba mtoto karibu na mwili walikuwa wameshika sehemu ya elimu hiyo.

Na kofia je? Mnamo mwisho wa miaka ya 2010 ulifanywa uchunguzi katika hospitali tatu za Ethiopia, Msumbiji na Uganda, kwa watoto 300 waliokuwa wakitunzwa kifuani pa mama. Nusu walivikwa kofia za sufi na nusu hawakuvikwa. Kofia haikudhuru, lakini wenye kofia hawakukaa katika joto lifaalo muda mrefu kuliko wenzao. Twayaandika haya waziwazi, hata kama hayatupendezi sisi tunaoisifu kofia. Mwili wa mama ndio dawa ya kwanza. Kofia ni msaidizi, na humfaa mtoto zaidi anapotolewa kifuani, anaposafirishwa kutoka hospitali asubuhi ya baridi, au anapolala katika nyumba ambamo upepo hupita.

Kila tarehe 17 Novemba ulimwengu huwakumbuka watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Alama ya siku hiyo ni soksi ndogo za watoto zilizotundikwa katika kamba, nyingi zikiwa za kawaida, na jozi moja ndogo kuliko zote ikiwa ya rangi ya zambarau, kwa sababu karibu mtoto mmoja katika kila kumi duniani huzaliwa kabla ya wakati wake. Waliotafuta alama ya kuueleza udogo wa mtoto huyo hawakuona nyingine ifaayo kuliko vazi dogo.

YANAYOTUPASA

Basi jibu la swali letu ni hili. Kofia ya mkono hufumwa kwa ajili ya mtu mmoja anayejulikana. Fundi hupata habari kwamba mama fulani yu karibu kujifungua. Hutafuta uzi, huketi siku kadhaa akimfikiria mtu huyo, kisha hana budi kwenda mwenyewe kuipeleka. Fedha yaweza kutumwa kwa simu kabla chai haijapoa, na mtumaji asionekane mlangoni. Mwenye kofia huja. Huingia, humwona mama, huona kama kuni zipo, kama mtoto ananyonya, kama mama analia usiku bila sababu. Wengi wa akina mama waliosaidiwa kwa wakati walisaidiwa kwa sababu mtu alikuja kuleta kitu kidogo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nasi twaongeza kwamba kutoa kwa miguu kuna faida ambayo kutoa kwa simu hakuna.

Kwa hiyo twapenda kuwashauri Wanachama mambo machache, tukiwaachia Wazee uamuzi.

La kwanza ni la ufundi. Uzi uwe laini, wa kufulika, usio na nywele za kumwingia mtoto puani. Kichwa cha mtoto aliyetimia miezi yake kina mzunguko wa karibu sentimita 34, na cha aliyezaliwa kabla ya wakati ni kidogo zaidi. Basi zifumwe kofia za vipimo mbalimbali. Zisiwekwe vifungo vinavyoweza kung'oka na kumezwa, wala kamba za kufunga shingoni. Zifuliwe kabla ya kutolewa. Na kabla ya kuzipeleka katika wodi ya hospitali, muuguzi mkuu aulizwe kwanza anahitaji nini.

La pili ni la mafundisho. Bado wako akina mama wajuao kazi hii vizuri, wala hawatakuwapo siku zote. Wasichana na wavulana wa Wanachama wafundishwe pamoja, katika likizo za shule, ili isisemwe tena kwamba hii ni kazi ya kumfungia mwanamke jikoni.

La tatu ni la daftari. Twaomba kwamba, pamoja na orodha ya michango ya fedha, iandikwe kila mwaka orodha ya mavazi yaliyofumwa na kutolewa, idadi yake, na majina ya waliofuma. Ikiwa twaandika shilingi ishirini ya mtu mmoja, kwa nini tusiandike siku tano za mwingine? Mama wa Antinoe aliyeitengeneza ile soksi ya milia amesahauliwa jina kwa sababu hakuna aliyeliandika. Wanawake wetu wa miaka ya 1950, walioingia katika klabu na waliokataa, wamesahauliwa vivyo hivyo kwa sehemu kubwa, na twawajua zaidi kwa idadi zilizoandikwa na Serikali kuliko kwa majina yao.

Tukiyafanya hayo, atakayesoma taarifa zetu miaka mingi baadaye ataona kwamba chama hiki kilizika wafu wake kwa heshima, kikasomesha watoto wake, na kwamba mtoto alipozaliwa walikuwapo watu waliokwisha kumfanyia kazi kabla hawajamwona uso.